Anga letu, vipimo vya wenzetu

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu kitu kisichoonekana kwa macho wala kushikika kwa mkono, lakini ndicho kilichotulea sisi watu wa redio. Nakusudia ile bahari ya elektroni iliyotandaa juu ya vichwa vyetu, kuanzia kiasi cha kilometa 60 kutoka ardhini hadi kilometa elfu moja na zaidi. Wataalamu huliita tabaka hilo ayonosfia.

Huenda ukauliza: tangu lini mtangazaji akaacha habari za bei ya unga na nauli za daladala, akaenda kushughulika na elektroni? Jibu langu ni fupi. Historia ya kuzipima elektroni hizo kwa setilaiti imepita mlangoni mwetu, pwani ya kaskazini ya Malindi, na imetuachia swali ambalo mpaka leo tunalizunguka bila kulijibu. Kabla hatujafika Malindi, naomba tuanzie nyumbani, kwenye redio.

Kila aliyewahi kumiliki redio ya masafa mafupi anakumbuka mambo yalivyokuwa. Mchana unazungusha mshale wee, unapata mikwaruzo na miluzi. Jua likizama, stesheni za mbali zinaanza kujitokeza moja moja kama nyota. Watangazaji wa idhaa za nje nao walikuwa na desturi ya kututajia mita: mchana tusikilizeni katika mita 16 na 19, usiku hamieni mita 31 au 49. Wazee wetu walisema kwamba usiku hewa imetulia. Walikaribia kupatia, maana ni kweli kuna kitu kinachotulia usiku, ila si hewa.

Kinachotulia ni kazi ya jua. Mchana kutwa miali mikali ya jua, ile ya urujuanimno na ya eksirei, huzipiga chembe za hewa ya juu na kuzinyang'anya elektroni zake. Elektroni hizo hubaki zinarandaranda. Katika kimo cha kilometa 300 hivi, ambako ndiko zinakojaa zaidi, nafasi yenye ukubwa wa dadu inaweza kuwa na elektroni huru zipatazo milioni moja wakati wa mchana. Usiku, jua likishaondoka, elektroni nyingi hurudi kwa wenyewe na idadi hiyo huweza kushuka mara kumi au zaidi. Sehemu ya chini kabisa, iliyo kati ya kilometa 60 na 90, ambayo mchana hunyonya mawimbi ya redio kama mchanga unavyonyonya maji, usiku hutoweka karibu yote. Ndipo mawimbi yanapopata njia ya kupanda, kugonga tabaka la juu na kurudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilometa kutoka yalikoanzia.

Kwa hiyo idadi ya elektroni katika anga si jambo la wasomi peke yao. Ikiongezeka au ikipungua, mawimbi hubadili njia. Nayo haikai mahali pamoja: hubadilika saa hadi saa, msimu hadi msimu, na hupanda na kushuka pamoja na mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi.

Dari na bati

Namna binadamu alivyokuja kulijua jambo hili ni kisa cha watu kubishana na kitu wasichokiona. Mwezi Desemba 1901, Mwitaliano Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea huko Newfoundland ishara ya redio iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wataalamu wakashangaa. Mawimbi ya redio husafiri kwa kunyooka, na dunia ni mviringo. Yaliwezaje basi kupinda na kufuata mgongo wa dunia? Mwaka uliofuata, 1902, watu wawili, Arthur Kennelly huko Marekani na Oliver Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walitoa wazo kwamba lazima huko juu pana tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini.

Wazo hilo lilikaa miaka zaidi ya ishirini bila ushahidi wa moja kwa moja. Mwezi Desemba 1924, Edward Appleton na mwenzake Miles Barnett walitumia mtambo wa shirika la utangazaji la BBC uliokuwa Bournemouth kupima mwangwi wa mawimbi kutoka angani, wakathibitisha kwamba tabaka lipo, na kwamba liko kwenye kimo cha kilometa 100 hivi. Mtambo wa watangazaji, ndugu msikilizaji! Kazi hiyo na zilizofuata zilimpatia Appleton Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947.

Appleton huyo huyo, mwaka 1946, aliandika juu ya jambo la ajabu lililokuwa likijitokeza katika vipimo vya dunia nzima. Kwa akili ya kawaida, mahali jua linapopiga utosini ndipo elektroni zingekuwa nyingi kuliko kote. Lakini sivyo. Kwenye ikweta ya sumaku, yaani ule mstari ambako sindano ya dira ikiachwa huru hulala sawasawa bila kuinamia upande, elektroni za mchana zilikuwa pungufu kuliko zile za upande wa kaskazini na wa kusini wa mstari huo. Ni kana kwamba mtu amemwaga mchele katikati ya sinia, kisha akakuta katikati pana shimo na vichuguu viwili pembeni.

Kitendawili hicho kilikuwa kigumu kukitegua kutoka ardhini. Vyombo vya wakati ule vilipeleka mawimbi juu na kusubiri mwangwi. Mawimbi yakifika mahali palipojaa elektroni kuliko kote, ama yanarudi, ama yanapenya na kupotelea angani moja kwa moja. Hakuna mwangwi unaotoka upande wa juu. Mwanasayansi alikuwa kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba: anaona dari, haoni bati. Ili aone bati, lazima apande juu ya nyumba.

Ngazi ya kupandia ilipatikana tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha Sputnik 1. Wengi tunakumbuka hadithi ya mlio wake. Wachache tunajua kwamba mlio huo ulitumwa katika masafa ya karibu megahezi 20 na 40, na kwamba wataalamu katika nchi nyingi waliusikiliza kwa makini ili waone jinsi elektroni za anga zinavyoupotosha, na kwa njia hiyo wakakadiria wingi wake. Sputnik haikuwa imepanda juu ya bati kwa maana kamili, lakini ilionyesha kwamba ngazi ipo.

Waliopanda hasa walikuwa Wakanada. Tarehe 29 Septemba 1962, roketi ya Kimarekani ilirusha kutoka California setilaiti iitwayo Alouette 1, iliyotengenezwa Kanada. Ilikuwa na antena ndefu ya mita 45 hivi kutoka ncha hadi ncha, na ilizunguka kwenye kimo cha kilometa 1,000. Kutoka huko ilipeleka mawimbi chini na kupokea mwangwi wake. Kwa mara ya kwanza mtu aliliona bati la nyumba yake. Ilitarajiwa kufanya kazi mwaka mmoja. Ikafanya kazi miaka kumi.

Alouette iliyapima maeneo ya ikweta kutoka juu, na lile shimo la Appleton likaonekana kuwa na umbo la upinde uliofuata mistari ya sumaku ya dunia. Maelezo ambayo wanasayansi walikuwa wakiyajenga yakapata nguvu. Mchana, upepo wa juu husukuma chembe zenye umeme katika uga wa sumaku ya dunia, na kusukumana huko huzalisha umeme, kama dainamo ya baiskeli inavyowasha taa. Umeme huo, ukikutana na sumaku iliyolala kwenye ikweta, huzinyanyua elektroni juu. Zikifika juu hutelemka pande zote mbili kwa kufuata mistari ya sumaku, na kutua kiasi cha nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini. Wataalamu wameliita jambo hilo chemchemi ya ikweta. Na ni chemchemi kweli: maji hupanda katikati, yakamwagika kandokando.

Sasa tazama ramani. Katika Afrika, ikweta ya sumaku hupita Ethiopia na Naijeria. Shuka nyuzi 15 kusini yake kwa upande wetu wa mashariki, utakuta unaelea juu ya Tanzania. Hapo ndipo maji ya chemchemi yanapomwagika.

Jukwaa la Ungwana

Hapa ndipo Malindi inapoingia. Mapema miaka ya 1960, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga, walikuwa wanatafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Sababu yao ilikuwa nzuri: dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, karibu kilometa 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Wakachagua ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini: Santa Rita, lililokuwa la kutafutia mafuta, na San Marco, ambalo ndilo lililobeba roketi kubwa. Roketi ya kwanza ya majaribio iliondoka Santa Rita tarehe 25 Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru.

Tarehe 26 Aprili 1967, siku ambayo Watanzania walikuwa wanaadhimisha miaka mitatu ya Muungano, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco ikibeba setilaiti ya San Marco 2. Hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa katika mzunguko kutoka maji ya Kenya. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima uzito wa hewa nyembamba ya juu. Lakini ilibeba pia mtambo wa kutuma mawimbi ya redio kwa ajili ya kupima elektroni zilizo kati yake na ardhi. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza kabisa, bahari ya elektroni iliyo juu ya ikweta ilikuwa mojawapo ya sababu za kurusha chombo kutoka pwani yetu.

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka jukwaa hilo. Iliyovuma kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima hiyo ikaitwa Uhuru. Ilichunguza eksirei za nyota za mbali, na jina la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni. Ya mwisho, San Marco D, ilipaa tarehe 25 Machi 1988. Hiyo ilikuwa na vyombo vya kupima upepo wa juu, nguvu za umeme na msongamano wa chembe zenye umeme katika anga la ikweta, vyote kwa pamoja, ili kuona kipi kinamsukuma mwenzake. Ilianguka na kuungua angani tarehe 6 Desemba mwaka huo huo. Tangu siku hiyo jukwaa la San Marco halijarusha setilaiti nyingine. Kituo cha nchi kavu kiliendelea na kazi ya kupokea habari za setilaiti, na baadaye kikapewa jina la Broglio, aliyefariki mwaka 2001.

Wala si Malindi peke yake. Mwaka 1975 Wamarekani waliisogeza setilaiti yao ya ATS-6 na kuiweka juu ya nyuzi 35 mashariki, kwenye kimo cha kilometa karibu 36,000. Nyuzi 35 mashariki kwenye mstari wa ikweta ni nchi ya Kenya. Kwa mwaka mzima chombo hicho kilikaa utosini mwetu. Kilikuwa kinapeleka vipindi vya televisheni vya elimu katika vijiji zaidi ya elfu mbili vya India, na pamoja na hayo kilibeba mtambo wa redio ambao wanasayansi wa India na wa kwingineko waliutumia kuhesabu jumla ya elektroni kati ya ardhi na setilaiti. Wahindi walipata masomo ya vijijini, wakapata na vipimo vya anga lao. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mnara tusioukwea.

Mfano wa Peru

Usinielewe vibaya, ndugu msikilizaji. Sisemi Waitaliano walikuja kutuibia. Hewa ya juu haina mwenyewe, na vipimo vya San Marco vilichapishwa katika majarida ya kisayansi ambayo mtu yeyote angeweza kuyasoma. Wako pia wananchi waliopata ajira na mafunzo. Ninachouliza ni kingine: kwa nini nchi nyingine iliyo kwenye ikweta hiyo hiyo ya sumaku, isiyo tajiri, iliweza kugeuza bahati ya mahali ilipo kuwa elimu yake yenyewe?

Nchi hiyo ni Peru. Mapema miaka ya 1960 Wamarekani walijenga karibu na Lima, mahali paitwapo Jicamarca, rada kubwa ya kuchunguza ayonosfia. Ni uwanja wa nyaya wenye upana wa mita 300 kila upande. Mwaka 1969 Wamarekani waliikabidhi kwa taasisi ya jiofizikia ya Peru. Kituo hakikufa. Kijana wa Peru, Ronald Woodman, mhandisi aliyekwenda kusoma Marekani akarudi kwao, alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa dunia katika fani hii, na mwaka 1976 yeye na mwenzake walichapisha picha za rada ambazo mpaka leo zinatajwa na kila anayeandika juu ya anga la ikweta.

Picha hizo zilionyesha nini? Zilionyesha kinachotokea baada ya jua kuzama. Sehemu ya chini ya ayonosfia hupoteza elektroni haraka, wakati sehemu ya juu bado imejaa na imenyanyuliwa zaidi. Kizito kinakuwa juu ya chepesi. Chukua mafuta uyaweke chini ya maji uone: hayatulii, yatapanda tu. Ndivyo ilivyo huko juu. Mapovu makubwa yenye elektroni chache huchipuka kutoka chini na kupanda mamia ya kilometa, yakilipasua tabaka zima. Mawimbi ya redio yakipita katikati ya mapovu hayo hutetemeka na kumeremeta kama taa inayotazamwa kupitia moshi wa jiko.

Zamani mtetemeko huo ulikuwa adha ya watu wa redio tu. Leo ni adha ya kila mtu. Simu iliyo mfukoni mwako hujua ulipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS na nyingine za aina hiyo. Mawimbi hayo hupita katika elektroni na kucheleweshwa, na kucheleweshwa huko kunaweza kuzaa kosa la mita kadhaa hadi makumi ya mita. Ndiyo maana setilaiti za GPS hutuma mawimbi katika masafa mawili au zaidi, ili chombo chenye uwezo kilinganishe na kuhesabu kosa. Lakini mapovu yakiwa makali, chombo hupoteza ishara kabisa. Jambo hilo liliwapata wenye setilaiti wenyewe. Vyombo vitatu vya Ulaya viitwavyo Swarm, vilivyorushwa tarehe 22 Novemba 2013 na ambavyo hupima elektroni vinapopita, vilikuwa mara kwa mara vikipotewa na GPS. Mwaka 2016 ilielezwa kwamba hali hiyo ilitokea zaidi karibu na ikweta, kati ya Afrika na Amerika Kusini, na chanzo chake ni misukosuko ya elektroni katika ayonosfia.

Rubani anayetua usiku, nahodha anayeingia bandarini, mpima ardhi anayeweka mipaka ya viwanja, wote wanahusika. Mwezi Mei 2024, dhoruba kubwa ya jua ilipolivuruga anga la dunia nzima, wakulima wa Marekani wanaotumia matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimamisha upandaji. Kilimo kilisimama kwa sababu ya elektroni.

Mvua ya Kongo

Setilaiti zimetufunulia jambo lingine ambalo linatuhusu sisi wa nchi za mvua. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walieleza walichokiona kwa kutumia picha za setilaiti ya IMAGE. Ile mikanda miwili ya elektroni, wa kaskazini na wa kusini, haikuwa na wingi sawa ukiizunguka dunia. Ilikuwa na sehemu nne zilizonona. Walipotafuta sababu, hawakuipata kwenye jua. Waliipata chini, kwenye mvua. Sehemu tatu kati ya hizo ziliambatana na misitu mikubwa ya tropiki: Amazon, bonde la Kongo na Indonesia. Joto linalotolewa na mawingu ya radi ya huko huanzisha mawimbi ya hewa yanayopanda hadi kilometa 100 na zaidi, yakaisumbua ile dainamo tuliyoitaja, na dainamo ikibadilika, chemchemi nayo hubadilika.

Maana yake ni kwamba radi inayopiga Kisangani ina mkono katika hali ya anga kilometa 300 juu. Kabla ya setilaiti, wengi waliamini kwamba anga hilo linaamriwa na jua peke yake. Kumbe na sisi wa chini tuna sauti.

Aidha, hesabu za setilaiti zimeonyesha kwamba mapovu ya baada ya magharibi hutokea katika nyuzi za Afrika mara nyingi zaidi, na kwa miezi mingi zaidi ya mwaka, kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia. Kwa nini iwe hivyo? Wataalamu bado wanabishana. Na mabishano yanachukua muda mrefu kwa sababu moja wanayoirudia kila mara: Afrika ina vyombo vichache vya ardhini. Setilaiti hupita ikaondoka. Kwa dakika chache huchukua mstari mmoja wa vipimo. Anayeweza kusema kilichotokea usiku kucha mahali pamoja ni chombo kilichosimama ardhini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anga la ikweta ni mali, na daftari lake kwa miaka mingi limeandikwa na wageni, nalo lina kurasa nyingi tupu kwenye sura inayotuhusu sisi.

Mlango uko wazi

Je, tulie? La hasha. Tangu Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia wa 2007, vyombo vya kupima elektroni na sumaku vimeanza kuonekana katika vyuo vikuu vya Afrika. Mwethiopia Endawoke Yizengaw amekuwa mmoja wa walioongoza kuweka mtandao wa vyombo vya sumaku barani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani chombo kidogo cha Kenya, 1KUNS-PF, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kile kile alichofundisha Broglio. Mwaka 2023 kikafuata Taifa-1. Havikuwa vya kupima elektroni, lakini ni hatua.

Na kuna jambo ambalo vijana wetu wa vyuo huenda hawajaambiwa kwa sauti ya kutosha. Vipimo vya Swarm hutolewa bure kwa yeyote anayevitaka. Malindi kwenyewe kuna kipokezi cha kudumu cha GPS ambacho ni sehemu ya mtandao wa kimataifa. Mbarara, Uganda, kuna kingine. Habari zake nazo ni za wote. Kutokana na kucheleweshwa kwa mawimbi ya GPS, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na hesabu za chuo anaweza kukokotoa elektroni zilizokuwa juu ya Malindi usiku wa jana. Hahitaji roketi. Hahitaji jukwaa baharini. Anahitaji mwalimu wa kumwonyesha njia na serikali inayoona kwamba kazi hiyo ina maana.

Peru haikujenga Jicamarca kwa fedha zake. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba siku wageni wanaondoka, yuko mtu wa nyumbani anayejua kuwasha mtambo, kuusoma na kuutengeneza ukiharibika. Hilo ndilo swali la Malindi. Makubaliano na Waitaliano yamejadiliwa mara nyingi kwa lugha ya kodi ya pango, ajira na mgawo wa mapato. Yote hayo ni haki kuyauliza. Lakini kodi ya pango huliwa ikaisha. Kitu cha kudai kwanza, na kudai kwa maandishi, ni nafasi za wanafunzi wetu kwenye vyombo vyenyewe: wangapi kwa mwaka, wanasomea nini, na wakirudi wanapewa kazi gani.

Kila jioni, jua likizama nyuma ya milima yetu, chemchemi ile inapanda na mapovu yanaanza kuchipuka, na setilaiti za watu zinapita kuandika kinachotokea. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu atakuwa mtu mzima wa makamo wakati ndege, meli na matrekta ya nchi zetu yatakapokuwa yanategemea kwa kila kitu usahihi wa mawimbi hayo. Ni nani atakayemwambia rubani wa Dar es Salaam au Mombasa kwamba usiku wa leo anga limechafuka? Akiwa ni mtu wa mbali anayetazama ramani, atasema kwa makadirio. Akiwa ni mwenzetu anayelipima anga lake mwenyewe, atasema kwa hakika.